Saa Kumi ya Nani

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Pandu Jaku, lakini ukienda upande wa Fumba kuulizia nyumba ya Pandu Jaku, ungezungushwa mpaka miguu ikuvimbe. Ulizia kwa Mwalimu Saba, hapo hata mtoto anayejifunza kusema atakunyooshea kidole. Jina hilo alilipata mwaka 1954, siku aliyofanya kosa ambalo mtu mwengine angelificha mpaka kaburini. Yeye alilisimulia mwenyewe kila alipopata wa kumsikiliza, na akifika pahala pa kuchekwa, alikuwa wa mwanzo kucheka.

Skuli yake ilikuwa na vyumba viwili, ubao mmoja wenye ufa, na wanafunzi thelathini na mmoja. Mwalimu Pandu alikuwa na wazimu wa mpira. Katika ujana wake aliwahi kucheza mjini, winga ya kushoto, na mpaka wakati ule akiona dafu limeanguka hakuweza kulipita bila ya kulipiga teke. Lakini skuli yake haikuwa na timu. Katika wale thelathini na mmoja, wengi walikuwa wadogo wa kupanguswa makamasi. Wenye umri na mbio za kucheza mpira wa haja walikuwa wanane tu, na mashindano ya skuli yalitaka kumi na mmoja. Miaka minne mfululizo aliandika barua mjini kuomba skuli ndogo nazo zicheze, hata kwa watu pungufu. Miaka minne mfululizo jawabu lilikuwa moja: mpira ni watu kumi na mmoja.

Mwaka wa tano akaja karani mpya wa michezo, kijana mmoja akiitwa Masoud, ambaye bado hajachoka kusoma barua. Akaandika kwamba liko jambo linaweza kujaribiwa. Skuli ya Mwalimu Pandu na skuli moja ndogo ya upande wa Mbweni zije kiwanja cha Mnazi Mmoja, mjini, kila moja na wachezaji saba. Yeye Masoud atapuliza firimbi na atatazama. Mchezo ukienda mpaka mwisho, saba kwa saba, ataanzisha kombe la skuli ndogo. Timu yoyote ikishindwa kusimamisha saba, shauri limekwisha, na asiandikiwe tena.

Mwalimu Pandu aliisoma barua ile mara tatu, kisha akatoka nje akalia kidogo nyuma ya skuli, pasipo na mtu.

Sasa, kati yake na mchezo alisimama Maalim Muhiddin.

Maalim Muhiddin ndiye aliyekuwa na chuo cha Kurani pale kijijini, na watoto wote wa skuli walikuwa watoto wake wa chuoni. Asubuhi ilikuwa ya skuli, alasiri ya chuo, na mpaka huo ulikuwa haurukwi. Isitoshe, yule mchezaji wa nane alikuwa Mabrouk, mjukuu wake Maalim. Mtoto yule mguu wake wa kushoto ulikuwa neema ya Mungu, lakini babu yake alishampiga marufuku mpira tangu siku alipomkuta akipiga danadana na kifuu nje ya msikiti. Kwa hivyo wanane walikuwa saba, wala hapana wa akiba.

Mwalimu akaenda kwa adabu zote, kofia kichwani, akakaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Umekuja kwa mpira, nshajua. Sema."

Akasema. Maalim akasikiliza huku akipitisha tasbihi, kisha akatoa masharti mawili. La kwanza, hao watoto wasende kuonesha mapaja mjini. Kaptula zishuke chini ya magoti. La pili, alasiri yake isiguswe.

"Haitaguswa, Maalim," Mwalimu alisema. "Mchezo ni asubuhi. Adhuhuri wote wamesharudi. Nnakupa ahadi yangu."

"Na Mabrouk usinitajie."

"Simtaji, Maalim."

Mkewe Mwalimu, Mwanakheir, akashona kaptula saba za kitambaa cha marekani, ndefu, pana, zinazoweza kuingia watoto wawili wawili. Alipozitundika uani, jirani alidhani nyumba imepata wageni wanene.

Na hapa ndipo kosa lilipokuwa limejificha. Barua ya Masoud ilisema mchezo utaanza "saa 10". Mwaka mmoja nyuma Mwalimu aliitwa ofisini kwa barua nyengine iliyosema "saa 8", naye akenda saa nane mchana, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Kumbe waliandika saa nane za Kizungu, yaani saa mbili asubuhi, na alikaripiwa mbele za watu mpaka masikio yakapata moto. Safari hii akasema hawampati tena. Barua imetoka ofisini, imepigwa taipu, saa imeandikwa kwa tarakimu. Basi hiyo kumi ni ya Kizungu, yaani saa nne asubuhi. Akajiona mjanja kweli kweli.

Jumapili ya mchezo, siku isiyo na skuli, wakapanda gari la shamba alfajiri, Mwalimu na watoto wake saba. Saa tatu u nusu walikuwa Mnazi Mmoja, wameshavaa, wamejipanga. Kiwanjani palikuwa na mzee mmoja anakata majani kwa fyekeo, na kunguru.

Saa nne ikafika. Ikapita. Yule mzee akawasogelea.

"Nyie mnangoja nini?"

"Mchezo wa skuli ndogo, mzee wangu."

"Ah, ule wa saa kumi? Bwana Masoud kaniambia jana nimalize majani kabla ya alasiri. Mbona mmewahi hivyo?"

Mwalimu akaitoa barua, akaisoma tena. Karani Masoud alikuwa mtoto wa Kiunguja, ameandika barua ya Kiswahili, na saa ya Kiswahili. Kumi ni kumi. Mjanja alikuwa amejipiga chenga mwenyewe.

Aliwatazama wale watoto. Mdogo wao, Duni, alikuwa amekamata kaptula yake kwa mkono isianguke, anamtazama kwa matumaini yote ya dunia. Mambo yalikuwa wazi, na hayakuwa mepesi. Wakingoja mpaka saa kumi, watacheza, na ahadi aliyompa Maalim itakuwa uwongo. Wakirudi sasa, ahadi itasimama na kombe la skuli ndogo litakufa pale pale kwenye majani. Na nani atakayejua? Kijijini angeweza kusema gari limeharibika. Magari ya shamba yaliharibika kila siku, hakuna ambaye angeuliza.

Alilifikiria jambo hilo, hakulificha baadaye. Alilifikiria kwa muda wa kutoka Mnazi Mmoja mpaka Mlandege, ambako Hasnain, rafiki yake wa tangu kucheza mpira, alikuwa na duka la vipuri vya baskeli. Alipofika mlangoni alikuwa ameshaamua.

"Hasnain, niazime baskeli. Na nitazamie watoto wangu mpaka nirudi."

"Unakwenda wapi na jua hili?"

"Fumba."

"Si ndiko mlikotoka?"

"Ndiko. N'takueleza nikirudi."

Hasnain akamtolea baskeli, na mkewe Fatmabai akawaingiza watoto ndani, akawawekea sinia ya bajia. Mwalimu alikanyaga pedeli maili kumi na zaidi, njia ya mawe, jua la utosi. Kanzu aliifunga kiunoni. Alifika saa sita akiwa hana mate mdomoni. Maalim alikuwa barazani kwake, anachonga kalamu za chuo.

"Ahaa. Ahadi imerudi," Maalim alisema. Akatazama nyuma ya Mwalimu. "Imerudi peke yake. Watoto wako wapi?"

Mwalimu akaweka baskeli chini, akaeleza yote, hakubakisha. Tarakimu, saa nane ya mwaka jana, ujanja wake, mzee wa fyekeo. "Nimekuja kukwambia mwenyewe, Maalim. Ukisema warudi, narudi kuwachukua. Siwachezeshi kwa ahadi iliyovunjika."

Maalim akaweka kalamu chini. Kisha akauliza, polepole:

"Mwalimu, jua la hapa kwetu linatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, Maalim."

"Na likitoka, saa inayofuata ni ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Basi tangu lini mtoto wa Jaku, aliyezaliwa hapa, nikamsomesha hapa, akaanza kuhesabu saa tangu usiku wa manane, kama popo?"

Maalim akacheka, kicheko kikavu cha mtu asiyekizoea, mpaka akaifuta miwani. Halafu akaacha kucheka.

"Ungeweza kunambia gari limeharibika."

"Nilifikiri hivyo."

"Nami ningeamini." Akakusanya kalamu zake. "Alasiri yangu haiguswi. Hilo nilisema, na sirudi nyuma. Chuo leo kitasomwa. Lakini sikusema kitasomwa wapi. Mabrouk!"

"Naam, babu!"

"Waite wenzako. Chukueni mikeka na misahafu, na baskeli hiyo ipandisheni garini. Gari la saa saba linaondoka sasa hivi."

Mjini walizoea kuona mengi, lakini siku ile waliopita Mnazi Mmoja walisimama. Kando ya kiwanja, kwenye kivuli, wameketi watoto ishirini na kitu wa chuo, na mbele yao wachezaji saba wenye kaptula za ajabu, wote wanasoma kwa sauti, miili inakwenda mbele na nyuma, na Maalim katikati na bakora yake. Wale wa upande wa Mbweni walipofika walidhani wamekosea pahala. Alasiri ilipoadhiniwa wakasali pamoja, timu mbili safu moja. Kisha Maalim akafunga msahafu.

"Nshamaliza kazi yangu," akamwambia Mwalimu. "Fanya yako."

Mbweni wakafunga mwanzo. Kabla ya mapumziko watoto wa Mwalimu wakarudisha, bao la purukushani, hakuna aliyejua mguu wa nani. Chuo kizima kikaruka juu. Kilikuwa hakijawahi kuona mpira wa ngozi ukiingia baina ya miti ya goli, na kiliona ni jambo zuri sana. Kipindi cha pili Mbweni wakaongeza. Na dakika tano tu baadaye, Duni akakanyaga upindo wa kaptula yake, akaanguka, kifundo kikateguka.

Masoud akapuliza firimbi. Hakuwa mtu mbaya, na sura yake ilionesha hivyo.

"Mwalimu, una wa akiba?"

"Sina."

"Basi mko sita. Nshaandika saba, na wakubwa wangu wanataka saba. Itabidi nivunje mchezo."

Mwalimu alisimama na Duni mgongoni, Duni analia kwa kifundo, naye mwenyewe karibu alie kwa miaka yake mitano ya kungoja. Hakugeuka kumtazama Mabrouk. Alikuwa amesema hamtaji, na hakumtaja.

Maalim Muhiddin akainuka kwenye mkeka, akaja mpaka kwenye mstari wa chokaa, akasimama bila ya kuukanyaga.

"We karani. Wamepungua wangapi?"

"Mmoja, Maalim."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Maalim akavuta pumzi. "Mabrouk."

"Naam, babu."

"Mvue mwenzio hiyo kaptula, uvae wewe. Uifunge vizuri. Na magoti yasionekane."

Watoto wa chuo wakafanya duara kuwasitiri, kwa vicheko na kusukumana, na Mabrouk akatoka humo ameshavaa. Mpira wake wa kwanza aliupiga kwa furaha nyingi mno, ukavuka barabara. Wa pili aliutuliza. Wa tatu aliupokea kushoto, akampita mmoja, akampita wa pili, akaupeleka mbali na mikono ya kipa, taratibu. Mbili kwa mbili. Mwalimu alilia waziwazi, mbele za watu, na hakujali.

Mchezo ukaenda mpaka mwisho, saba kwa saba, na hakuna aliyeshinda. Masoud akaandika kwenye karatasi yake, akamsomea Mwalimu alichoandika: kombe la skuli ndogo litaanza mwezi huo huo.

"Na barua zako," Maalim akamwambia karani, "saa uiandike kwa maneno. Uongeze na jua liko wapi. Mwalimu wetu huyu kasoma sana."

Wakarudi jioni, gari limejaa watoto, mikeka na makelele ya "Mwalimu Saba! Mwalimu Saba!" Mwalimu alikaa karibu na Maalim, Duni amelala mapajani pake. Walipofika nusu ya njia, Maalim akauliza, macho yako nje:

"Mchezo mwengine lini?"

"Jumapili ya tatu, Maalim. Saa kumi."

"Saa kumi ya nani?"

"Ya kwetu."

Maalim akahesabu kitu kwa vidole.

"Basi waambie watoto," akasema, "Jumapili hiyo chuo asubuhi."