Kichwa Cheupe Hakichomekwi

Nyaya zilikuwa ndani ya beseni la kufulia. Zote. Siku za msiba watu walihitaji pa kukaa, wakalitoa kabati la runinga nje, na mtu mmoja mwenye haraka zake akachomoa kila kilichochomekwa, akazimwaga besenini zikajikunja kama mikunga. Msiba ukaisha, watu wakatawanyika, kabati likarudi mahali pake. Nyaya hazikurudi.

Mzee Kimya alilitazama beseni lile kila asubuhi, akapita.

Jina hilo alipewa na mtaa. Kwa kazi alikuwa fundi bomba, na ilikuwa shida kupata sinki mtaani ambalo hajalala chali chini yake. Huingia kwa watu, husikiliza bomba linavyolia, hufungua mkoba wake. Akimaliza husema, "Tayari." Basi. Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno ya watu wawili.

Mkewe alikuwa mfua mashuka wa nyumba ya wageni. Runinga ya chumba ikigoma, aliitwa yeye, maana hakuogopa kuingiza mkono nyuma ya kitu. Alipoacha kazi walimwachia kwa bei ya kutupa runinga pana, deki, na sabufa yenye spika zake mbili ndogo. Mtaa ukamwita Mama Sinema. Tangu hapo jioni zao zilikuwa hizo: yeye upande wa kulia wa kochi, mzee upande wa kushoto, spika moja kwa kila upande. Sinema nzima mzee alikuwa na neno moja tu.

"Huyo ndiye mwizi."

"Siye," mkewe hujibu.

Na kweli, hakuwa yeye. Miaka yote ile mzee hakumpata mwizi hata mmoja.

Spika ya upande wa mzee ilikuwa bubu. Siku moja alishika bisibisi aifungue, mkewe akamdaka mkono. "Iache. Haijaomba dawa." Akaiacha.

Sasa kochi lilikuwa na upande mmoja tu uliobonyea kila jioni.

Binti yao mkubwa alikuja katikati ya wiki, akafunua sufuria zote jikoni kabla hajakaa.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Mzee akazirudishia sufuria vifuniko.

"Si ndiyo maana nasema? Chumba kwangu kipo, kitanda kipo. Mama alikuwa anakufanyia kila kitu. Hata kuwasha runinga huwezi, Baba. Utakaa humu unatazama ukuta?"

"Ukuta huu nimeupaka rangi mimi."

"Mkataa pema, Baba..."

"Pabaya panamwita. Najua. Acha paniite, nitaitika."

Binti akacheka bila kutaka, halafu akakaza uso. "Jumapili nakuja na gari. Tunapakia vyombo."

Mzee akanyoosha kidole kwenye beseni. "Ukija ukakuta runinga inasema, unarudi na gari lako tupu."

"Uiunganishe wewe? Bila kumwita fundi?"

"Fundi ni mimi."

"Fundi wa maji!"

"Mkono," mzee akasema, akautoa wake.

Wakapeana. Binti aliondoka na kigugumizi cha moyo, maana alijua anamshinda mtu asiyejua kusoma, na migongo ya vyombo vile imejaa herufi. Lakini alikuwa na hofu kubwa kuliko hiyo huruma: kumkuta baba yake siku moja amekauka kwenye kochi bila mtu kujua.

Mzee akalimwaga beseni mkekani. Mkewe alipokuwa ameinama nyuma ya kabati alikuwa na wimbo wake: njano ni jicho, nyekundu sikio la kulia, nyeupe sikio la kushoto. Waya wenye vichwa hivyo vitatu akaupata. Shingo ya njano ilikuwa imevunjika, labda mguu wa kiti cha msiba uliikalia. Jicho limekufa. Nyekundu ilikuwa imefubaa kwa miaka ya kuchomekwa. Nyeupe iling'aa kama jana imetoka dukani. Akaigeuza vidoleni, asiielewe. Akautia waya mfukoni, akaenda dukani.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani juu ya kilemba. Akautazama waya.

"Huu ni dume kwa dume, babu. Au unataka dume kwa jike?"

Kwa mafundi, chenye ncha ni dume, chenye tundu ni jike. Mzee alijua, hata mabomba ni hivyo hivyo. Lakini alimkazia macho.

"Binti, mimi nimetoka kuzika mke juzi. Leo unaniuliza habari za majike?"

Wateja waliangua kicheko. Mwenye duka akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Yallah! Nisamehe, babu! Waya! Nasema waya!"

"Najua. Dume kwa dume."

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu msiba, na ulimshtua yeye mwenyewe.

Mwenye duka akashusha boksi lenye dirisha la plastiki, ndani waya mnene kama kidole, vichwa vya rangi ya dhahabu. "Huu ndio waya, babu. Picha inatakata."

"Picha ikipita humo inavaa viatu?"

Mama akacheka, akalirudisha boksi. Hakuwa mtu mbaya. "Deki na runinga ziko mbali?"

"Kabati moja."

"Basi usinipe pesa ya bure. Mnene ununue ukivuta mpaka chumba cha pili. Kwa urefu wa mkono, huu wa kwenye msumari unatosha, hutaona tofauti." Akauchomoa kwenye msumari ukutani. "Ila uukague. Kichwa kisicheze kikiingia. Na shingo hii, iwe ngumu. Waya hufia shingoni. Ukichomoa, shika kichwa, usivute kamba."

Mzee akaibinya shingo moja baada ya nyingine, kama anayenunua kuku. Akachukua.

"Kwa nini usimtume mjukuu, babu? Wao haya mambo wanayajua."

"Mjukuu hakuweka dau."

Nyumbani alipiga magoti nyuma ya kabati. Njano akaitia kwenye tundu ya njano ya deki, na kwenye tundu ya njano ya runinga. Nyekundu na nyeupe akazitia kwenye deki rangi kwa rangi, ncha zao za pili akaziingiza nyuma ya sabufa, kwenye tundu nyekundu na nyeupe alizozikuta mwanzo. Spika ndogo akazitia tundu zilizobaki. Akawasha. Runinga ikawa bluu tupu. Akabonyeza rimoti kila kitufe, mpaka kile alichokuwa akikipiga mkewe kwa kidole gumba, na picha ikaruka. Watu wanakimbia, midomo inafunguka. Sauti hakuna.

"Hata nyinyi mmekuwa mimi," akawaambia.

Alilala hivyo. Kesho yake akarudi, picha ile, ububu ule. Jirani akachungulia dirishani. "Mzee Kimya, mwite binti yako, usijiumize."

"Toka dirishani, unanizibia mwanga."

Akakaa chini, akaegemea ukuta. Alifuate vipi neno asilolisoma? Akaacha kuzitazama herufi. Akauliza swali lake la siku zote, analouliza chini ya kila sinki: maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi? Sauti iko ndani ya deki. Deki ni tangi. Sabufa ni pampu. Spika ni mifereji. Akaziangalia tundu za sabufa tena: pea mbili, rangi zile zile, nyekundu na nyeupe, nyekundu na nyeupe. Pea moja ya kuingilia, pea moja ya kutokea. Naye ameyaleta maji ya tangi mahali pa mifereji, na mifereji ameipachika penye mdomo wa pampu.

"Mpumbavu wewe," akajiambia, kwa furaha. Akazibadilisha.

Chumba kikapiga kelele. Spika zote mbili, ya kulia na ile bubu, zililipuka pamoja, na mzee akaanguka kwa makalio. Kwa hiyo haikuwa mbovu. Alikaa pale sakafuni anaitazama, furaha yote ikamtoka. Kwa nini basi?

Jumapili binti alikuja na gari la mizigo na maboksi matupu. Tangu langoni alisikia risasi na farasi. Akaingia amebeba boksi, akalishusha polepole.

"Wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Muulize jirani. Nilimfukuza."

Binti akalizunguka kabati, akachungulia nyuma, akarudi ameshika kiuno. Akakaa upande wa kulia wa kochi. Mzee alitaka kumwambia asikae hapo, akaacha. Kwenye runinga mtu mwenye kofia alikuwa akinong'ona mlangoni.

"Huyo ndiye mwizi," mzee akasema.

"Eh?"

"Huyo ndiye mwizi."

"Sikusikii, Baba, hiyo spika inaniziba masikio!"

Halafu binti akaitazama spika ya kushoto, akamtazama baba yake, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Mabega yakatikisika, mzee asijue ni kicheko au kilio.

"Baba, nilitaka kumtengenezea Mama spika hiyo. Akanifukuza. Akasema, 'Si mbovu, nimeichomoa mwenyewe. Baba yako ana neno moja kwa jioni nzima, na analisema kwa sauti ya panya. Spika ikilimeza, nitalipata wapi lingine?'"

Mzee akakumbuka waya ule wa zamani. Kichwa cheupe kilichong'aa kama kipya. Alifikiri ni yeye aliyekuwa akimvumilia mkewe na sinema zake.

Akainuka, akapiga magoti nyuma ya kabati. Akashika kichwa, si kamba, akachomoa nyeupe. Upande wake wa chumba ukatulia. Akarudi kwenye nafasi yake, akangoja mwenye kofia atokee tena.

"Huyo ndiye mwizi."

Binti akapangusa pua. "Siye, Baba."

Wakaitazama mpaka mwisho. Na kweli hakuwa yeye.

Binti aliyabeba maboksi yake kurudi garini, moja ndani ya jingine. Mlangoni akageuka, hakuweza kujizuia. "Baba, dau ni dau. Lakini nitakuja kila Jumapili kufunua sufuria. Na ukiugua?"

"Utakuja na Jumatatu."

"Na waya ukikatika tena?"

"Nitanunua mwingine," mzee akasema. "Wa kwenye msumari."