Uteo wa Nyumba ya Kwanza

Andika kwanza, mjukuu wangu, kwamba baba yangu alikuwa mchongaji wa mipini ya majembe, mzaliwa wa kando ya Rodi Kopany, na kwamba mama yangu alikuwa mfinyanzi, aliyeletwa huko na ndoa kutoka upande wa Migori. Majina yao unayajua; huna haja ya kuyaweka hapa. Nami nilizaliwa hapo Rodi Kopany, katika nyumba iliyonuka udongo mbichi na mbao mbichi. Shule sikupelekwa. Kiswahili hiki nilikipata sokoni, nikiuza vyungu vya mama yangu kwa Wakuria na kwa watu waliovuka mpaka, na kanisani siku za Sabato, nikiwasikiliza wasomaji. Ninakisema polepole ili ukiandike sawasawa, kwa kuwa baba yako ni Mkuria na Dholuo yako bado inachechemea. Usirembe. Nikisema neno kali, liandike likiwa kali.

Niliolewa hapa karibu na Awendo nikiwa mke wa pili. Hilo lazima msomaji alijue mapema, maana mengine yote yanatoka hapo. Mke wa kwanza alikuwa amekwisha kupanda katika boma hili kabla sijafika, na kwa desturi yetu ataendelea kupanda kabla yangu mpaka mmoja wetu azikwe. Mvua inaponyesha, yeye ndiye anayefukia mbegu ya kwanza. Mimi nasubiri. Kanisani wapo walioiacha desturi hiyo. Babu yako hakuiacha, na alipofariki sisi wawili hatukuthubutu.

Sasa sikiliza nilichokuwa nikikisubiri. Mke mwenzangu alikuwa mlevi. Alikunywa chang'aa iliyopikwa kwa molasi ya miwa, mchana, mbele ya watoto, na mvua ya kupandia ilipofika alikuwa amelala mtaroni kando ya barabara ya malori ya miwa, kiatu kimoja huku, kingine kule. Majirani walipanda, mashamba yao yakawa kijani. Mimi nilikaa mlangoni na mbegu zangu kikapuni, mwanamke ambaye hajawahi hata kuilamba pombe, nikingoja mlevi apate fahamu ndipo watoto wangu wapate chakula. Misimu mingi ilipita hivyo. Hakuna aliyenisifu kwa kungoja.

Kisha akaacha. Kwa nini aliacha, hakuniambia. Nilichokiona ni watu kuanza kumsifu. Walimsifu kisimani, walimsifu sokoni, na siku moja mchungaji akamsimamisha mbele ya kanisa lote, watu wakasema amina mara nyingi kuliko walivyosema kwa mahubiri. Nami nilikuwa nimeketi kwenye benchi lilelile miaka yote hiyo bila kunywa. Hakuna mchungaji aliyewahi kunisimamisha.

Wanawake wakaanza kumfuata. Wa kwanza alikuwa jirani aliyekuwa akipika chang'aa na kuinywa kabla haijapoa. Wengine wakaja nyuma yake. Mke mwenzangu hakuwahubiria. Aliwapa njugu. Njugu za mbegu hazipondwi. Hubambuliwa kwa vidole, moja baada ya nyingine, kwa sababu ile ngozi nyekundu ikichubuka mbegu haioti. Mkono unaotetemeka huzivunja. Basi aliweka uteo mpana katikati ya sebule na sufuria kando yake, akasema tu, "Nzima hapa, zilizovunjika pale." Zilizovunjika zilisagwa zikawa mchuzi, na wale waliozivunja wakaula mchuzi huo kabla ya kwenda makwao. Hakuna aliyeulizwa amekunywa lini. Kila mmoja alitazama uteo, akatazama sufuria, akajua amefika wapi.

Mama yako aliletwa kutoka Migori mjini akiwa amelewa, na mwendesha boda boda aliyemfunga kwa leso mgongoni mwake ili asianguke. Wewe ulikaa mbele, juu ya tangi, umeshika usukani kana kwamba dereva ni wewe. Kibanda chake cha nguo za mitumba kilikuwa kimekwisha kufungwa, na baba yako alikuwa amechoka, simlaumu. Nilimpeleka hospitali kwanza, kwa sababu mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kufa, na daktari akampa dawa mpaka mitetemeko ikatulia. Kisha nikamleta nyumbani kwangu.

Binti ni wangu. Nilimzaa mimi. Nilimpikia uji wa wimbi alfajiri, nilimwombea asubuhi na jioni, nilimweleza aibu aliyotuletea, na viatu vyake nikavifungia sandukuni ili asiende popote. Haikupita hata wiki, akavuka uwanja miguu mitupu, akaingia nyumba ya kwanza.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Wanawake walikuwa wameuzunguka uteo, naye alikuwa amekwisha kuketi kati yao.

"Rudi nyumbani," nilimwambia.

"Niko nyumbani, Mama."

"Nyumba yako ni ile. Uji wako unapoa."

"Uji wako una mahubiri ndani," alisema, wala hakuinua macho. "Huku wananipa njugu tupu."

Wakacheka. Yule jirani aliyekuwa mpika pombe akanigeukia na kusema, "Mwache, mama. Tutakurudishia akiwa mzima. Akivunjika tutamtia kwenye sufuria." Wakacheka tena, na mama yako akacheka pamoja nao. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu alipokuwa msichana. Sasa nilikisikia, na hakikuwa changu.

Mke mwenzangu alinisogezea kigoda. "Nyieka, keti nasi," alisema, kwa maana ndivyo wake wenza wanavyoitana kwetu.

"Nina kazi," nilimjibu.

Kazi sikuwa nayo. Nilirudi nikasimama jikoni kwangu, nikawatazama kupitia mlango.

Utaniuliza kama sikufurahi kumwona mtoto wangu anapona. Nilifurahi, kama mtu anavyofurahi kumwona ng'ombe wake akinenepa katika zizi la mwingine. Nyama ilimrudi mashavuni. Vidole vyake vikatulia, na njugu zake zikazidi kwenda kwenye uteo. Jioni alirudi kulala kwangu, lakini akiwa ameshiba kwingine, na habari za siku alikuwa amekwisha kuzimaliza kwingine.

Lililoniuma kuliko yote ni hili. Siku moja nilimuuliza, "Huyo mama yako mkubwa aliacha pombe kwa sababu gani?"

"Aliniambia," alijibu.

"Basi niambie nami."

"Hapana, Mama. Wewe utaitumia kumsimanga."

Niliishi na mwanamke yule katika uwanja mmoja tangu ujana wangu, nikavumilia ulevi wake wote, na sababu ya mwisho wa ulevi huo akapewa binti yangu, nami nikanyimwa na wote wawili. Hadi leo siijui.

Mwaka uliofuata mvua iliwahi. Siku ya Sabato mama yako alikwenda Rodi Kopany kuleta mbegu za kuongezea, safari ambayo mimi nisingeiruhusu siku hiyo, lakini hakuniomba ruhusa mimi. Nilikuwa kanisani, kurudi kwake sikukuona. Jioni hakuja kulala kwangu, nikadhani amebaki kule kuchambua mbegu. Jumapili mvua ilinyesha vizuri, udongo ukalainika, na mke mwenzangu hakutoka na jembe. Jumatatu majirani wote walikuwa mashambani. Mlango wa nyumba ya kwanza ulibaki umefungwa. Mimi nilikaa tena mlangoni na kikapu changu.

Dalili hizo nilizijua, nimezeeka nazo. Na hapa andika kama ninavyosema: nilifurahi. Nilijiambia kwamba amerudia chupa yake, kwamba binti yangu atauona ule mtaro kwa macho yake mwenyewe, kisha atarudi kwenye uji wangu. Nilifunga kitambaa changu cha kanisani, nikauvuka uwanja kama mtu anayekwenda kupokea haki yake.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nilipousukuma, harufu ya chang'aa ikanipiga usoni, nikasema moyoni, naam. Kisha nikaona. Aliyelala mkekani alikuwa mama yako. Mke mwenzangu alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kichwa cha binti yangu kikiwa pajani mwake. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, kavu.

"Alikunywa Rodi," alisema kwa sauti ya chini. "Walikuwepo sokoni watu waliomjua zamani. Jana akatafuta tena hapa karibu, akapata. Nesi wa zahanati amekuja, ameacha dawa, amesema asiachwe peke yake."

"Kwa nini hukuniita?"

"Alinikataza."

Nikaligeukia jembe ukutani. "Na mvua je?"

"Mvua nimeisikia, nyieka. Nimekungojesha maisha yako yote, na hii nayo nimeiongeza juu yake." Aliinua kichwa cha mama yako kwa mikono miwili, taratibu. "Njoo ushike hapa. Mimi niende nifukie mbegu ya kwanza, nawe upate kupanda kabla udongo haujakauka."

"Akiamka atakutaka wewe."

"Atanitaka. Mwambie niko shambani."

Akatoka na jembe. Niliketi mahali alipokuwa ameketi. Sakafu ilikuwa bado na joto lake, nami nikaliona joto hilo kuwa ni ukosefu wa adabu. Kichwa cha binti yangu kilikuwa kizito. Sikuwa nimekipakata tangu alipoachishwa ziwa.

Alifungua macho. "Mama mkubwa yuko wapi?"

"Shambani. Ni mimi."

Aligeuza uso ukutani. "Umekuja kunisema."

"Nilikuja kumsema yeye," nilimjibu, "nikakukuta wewe."

Alicheka kidogo, akakohoa, akanywa maji niliyompa. Kisha akaketi, akajifunika leso mabegani. Mikono yake ilitetemeka hata akaikalia.

"Nisogezee uteo, Mama."

"Utazivunja zote."

"Ndiyo kazi yenyewe."

Niliuvuta uteo kati yetu. Nikachukua nami konzi ya njugu, kwa kuwa sijui kukaa mbele ya kazi bila kuigusa. Tulibambua mpaka akaanza kunitazama vidole.

"Unabambua kama mtu anayezigombeza," alisema. "Hebu tazama."

Nikatazama. Mikono yangu, ambayo haijawahi kushika kikombe cha pombe, ilikuwa imezichubua njugu vibaya kuliko yake inayotetemeka. Yeye alikuwa amejifunza kulibana ganda kwa ncha na kungoja lipasuke lenyewe. Mimi nilikuwa nikizikamua.

"Zako kwenye sufuria," alisema, na akazihamisha yeye mwenyewe.

Mke mwenzangu aliporudi, matope yalimfika magotini. Alitazama sufuria, akanitazama, kisha akazisaga zile zilizovunjika. Aliweka mchuzi motoni. Nilikula mchuzi wa njugu nilizovunja, katika nyumba ya mke mwenzangu, binti yangu akiwa kando yangu na kijiko anakishika kwa mikono miwili. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo lilinikera.

"Nenda ukapande," mke mwenzangu aliniambia. Nikaondoka na uteo wake, maana ndani yake zilikuwamo zile nzima, nyingi zikiwa za mama yako. Nilizipanda jioni ileile. Ziliota.

Tangu hapo mama yako hajarudia pombe, kwa kadiri ninavyojua, na sasa anauza njugu Awendo kama unavyomwona. Kila asubuhi akitoka kwake hupitia nyumba ya kwanza kabla ya kuja kwangu. Nasikia sauti yake kule kwanza, ndipo naisikia hapa. Uji wake nampa bila kusema neno, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kulima. Wivu bado ninao. Usiandike kwamba umekwisha.

Sasa sikiliza la kutunza. Viatu vilivyo sandukuni usivitunze. Mpe mtu vinayemtosha. Kitambaa cha kanisani nizikwe nacho. Uteo ndio utunze. Ni wa mke mwenzangu, sikuurudisha, naye hakuudai, alinunua mwingine. Usiuache mvuani, usiupepetee mahindi, ni wa njugu za mbegu. Nikizikwa kabla yake, umrudishie kwa mikono yako mwenyewe. Nikiwa hai, hapana.

Na siku mama yako akivuka uwanja huu akaja kwangu kwanza, kabla ya kule, akauomba uteo, usimuulize amekunywa lini. Mpe, uweke sufuria karibu yake, kisha uniite. Mke mwenzangu usimwambie kwamba alianza kwangu. Hilo nitamwambia mwenyewe.