Usingizi Wangu Ulipogeuka Mtindo

Alhamdulillahi, leo asubuhi nimekula, na chakula kimekaa tumboni. Kwa wengine hilo si jambo la kusimulia. Kwangu ni jambo.

Jina langu Khamis. Walionijua zamani wakiniita Marashi. Nilikulia Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya nne, na mama yangu na dada yangu Zuwena. Nilianza kuimba kwenye ngazi za jengo letu, kwa sababu zilinirudishia sauti ikiwa nene kuliko ilivyotoka. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili akifungua mlango: "We mtoto, ama uimbe sawasawa ama ushuke ukachote maji!" Tangu hapo nimeishi Tanga, Mombasa na Maskati, vyumba vya kupanga sivikumbuki vyote, na mpaka leo nikipanda ngazi mahali popote najaribu sauti kidogo. Hazifanani na zile.

Nilipopita miaka ishirini, nyimbo zangu zilikuwa zikipigwa redioni. Nilivuka kwenda Dar es Salaam kurekodi, na huko wenzangu wa muziki wakanipa kokteli, sigara ya bangi iliyotiwa unga wa heroini. Nilitapika. Kisha woga wote wa jukwaa ukaniondoka, nikajiona mwepesi. Niliporudi Unguja nilikuwa nshakuwa mtu wa kuihitaji kila siku.

Mwili ulisema mapema. Choo kilifunga wiki nzima. Pua na shingo ziliniwasha, nikajikuna mpaka damu. Nikikosa unga, inakuja arosto: miayo, makamasi, kuhara, baridi juani, mifupa kama inasagwa. Mama aliona. Lakini kwetu mtu mwenye jina akikonda, jibu liko tayari.

"Kijicho hicho," alisema. "Wamekuona unang'ara."

Akanipeleka kwa mwalimu wa Kurani, nikaandikiwa kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Aya hazina kosa, na mama hana kosa. Kosa langu mimi, niliyejua ninachoumwa na nikanyamaza. Kijicho kilinifaa. Niliugua mbele za watu miaka, na hakuna aliyeniuliza.

Sikukuu ya Idi moja, alasiri, niliimba Mnazi Mmoja. Nilikuwa nimetoka kuvuta. Katikati ya wimbo macho yakafunga, kichwa kikashuka polepole mpaka kidevu kikagusa kifua, magoti yakalegea. Mpiga kinanda akawa anarudia palepale, ananisubiri. Nikashtuka, nikainua kichwa, nikaendelea.

Watu wakapiga vigelegele. Walidhani ni mtindo.

Wimbo wa pili haujesha, watoto wenye nguo mpya za sikukuu walikuwa wanashusha vichwa na kulegeza magoti. Wakauita Sinzia. Muda si muda unachezwa harusini.

"Kaka, hii umeitoa wapi?" Zuwena aliniuliza.

"Kichwani tu."

Nilicheka naye. Lakini sijapata kuwa peke yangu kama alasiri ile, uwanja mzima unaigiza ugonjwa wangu na mimi ndiye pekee niliyeujua.

Palikuwa na mtu anaitwa Haji, fundi rangi kutoka Jambiani, rika langu. Nilipovaa kofia ya ukili, naye alivaa. Siku moja baada ya onyesho alinifuata nyuma ya jukwaa.

"Marashi, Sinzia yangu haikai kama yako. Siri nini?"

Ningeweza kumwambia arudi kwenye rangi zake. Nilikuwa nimejaa sifa. Nikampa kokteli iliyokuwa mkononi mwangu, nikasema, "Siri hii hapa." Alikohoa, tukacheka. Sikumfikiria tena kwa miaka mingi.

Mimi nilishuka. Sauti ilikwaruza, redio ikanisahau, nikahamia kwenye sindano. Paja likavimba jipu kubwa kama danzi, linatoa usaha unaonuka, homa haishuki. Mama na Zuwena wakanibeba hospitali. Daktari, mwanamke mpole, alinimulika macho.

"Daktari, huyu ana kijicho," mama akasema.

"Bi mkubwa, jipu hili halikuletwa na jicho la mtu. Ni sindano. Mwanao anatumia unga."

Mama alivua kanga yake ya juu, akanifunika miguu, akatoka nje. Alifariki mwaka uliofuata, nami bado natumia. Hakuniona nimepona. Hilo halina dawa.

Zuwena ndiye aliyenipeleka soba hausi, nyumba ya watu wanaoacha unga. Siku za mwanzo nililala kwenye sakafu ya saruji, natapika nyongo, miguu inapiga mateke yenyewe. Msimamizi, Bwana Sudi, naye alipita njia hiyohiyo. Nilipoweza kusimama alinipa fagio.

"Mie Marashi," nikamwambia.

"Marashi? Basi anzia chooni, kunanuka."

Nilikaa miezi. Usingizi ulirudi, kisha njaa, kisha aibu. Bwana Sudi alitutaka tuwakumbuke tuliowadhuru, twende tukawatake radhi. Wa kwanza kunijia akilini alikuwa Haji. Nikaulizia, nikaambiwa yuko Darajani, teja wa unga. Nikaogopa kumwendea yeye. Nikaenda kwa mama yake.

Bi Mize nilimkuta Jambiani, maji yamekupwa, anafunga mwani kwenye kamba pamoja na wenzake.

"Shikamoo, Bi Mize. Mie Khamis. Marashi."

Alinitazama toka juu mpaka chini. "Marahaba. Mbona mfupi? Kwenye ile picha aliyobandika Haji ulikuwa mrefu."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza nilichomfanyia mwanawe. Mikono yake haikusimama.

"Baba yake kafa, hakuja kumzika," alisema. "Anaona haya. Sasa wewe unataka radhi. Unitake radhi ya nini, nami mwanangu sinaye? Kamlete kwanza, ndipo tuzungumze."

Nilimkuta Haji nyuma ya soko, kakaa juu ya boksi, miguu imevimba, ananuka kama nilivyokuwa nikinuka.

"Ohoo, staa! Umenenepa. Nani anakulisha?"

"Nimeacha, Haji. Nimetoka kwa mama yako."

"Umeacha." Akapiga makofi. "Ulivaa kofia, nikavaa. Ulisinzia, nikasinzia. Leo umeacha, na mie niache? Mie kivuli chako?"

Nilirudi kesho yake, na siku nyingine nyingi. Wakati mwingine alinifukuza kwa matusi, wakati mwingine aliniacha nikae. Nilinyamaza juu ya kuacha. Siku moja mvua ikatubana chini ya bati, akaniuliza bila kunitazama:

"Mama kasema nini?"

"Kasema mie mfupi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Na juu yangu?"

"Kasema nikulete."

Mvua ilipokatika akainuka. "Siendi kwa sababu yako," akasema.

"Usiende kwa sababu yangu."

Hatukwenda Jambiani siku ile. Tulikwenda kliniki, akaandikishwa, akaanza kunywa dawa ya kuachisha unga kila siku mbele ya muuguzi. Uvimbe wa miguu ulipopungua ndipo tukaenda Jambiani. Bi Mize alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamwingiza ndani. Mie nikakaa barazani. Nilisikia vyombo, nikasikia mtu analia, sikujua nani.

Baadaye Bi Mize alitoka.

"Radhi nimekupa, duniani na akhera," alisema. "Lakini sauti yako nisiisikie tena nyumbani kwangu."

Nikasema, "Naam." Nikarudi mjini peke yangu.

Namshukuru Mungu, na Zuwena, na daktari yule aliyesema neno ambalo sisi wote tulilikwepa. Haji bado anakunywa dawa yake, na ameshika tena brashi. Mimi nahamahama kama kawaida yangu.

Wewe unayeugua na watu wanasema kijicho, mwambie mtu mmoja ukweli leo, hata kama ni dada yako tu. Na wewe mwenye jina, unayedhani maisha yako ni yako: watu hawakuombi ruhusa ya kukuiga. Wataiga wimbo, wataiga kofia, na lile unalolificha wataliiga bila kulijua, na mama zao ndio watakaokuwa wa mwisho kulijua.