Ningu wa Mama Apiyo

Mchoraji wa mashua wa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, hakuchora samaki kabla ya kumshika. Kila asubuhi aliazima mmoja kwa akina mama wauzaji, akamlaza juu ya gunia bichi na kumpapasa mgongo kwa kidole gumba, ndipo akachovya brashi na kugeukia ubavu wa mashua.

“Mzee, rudisha ngege yangu! Ikilegea utainunua wewe!”

Alicheka, akamrudisha, vidole vikinuka rangi na magamba.

Mwaka 1991 Mama Apiyo, mjane, alitaka mashua yake ichorwe ningu, samaki aliyekuwa akivuliwa na marehemu mumewe, ili wajukuu wamjue samaki huyo. Lakini ningu walikuwa wameadimika ziwani. Hakuna muuzaji aliyekuwa naye. Mchoraji akakaa mbele ya mbao tupu, brashi ikikauka.

“Mkono wangu umemsahau, Mama.”

“Yangu haijasahau. Nimepara hiyo samaki tangu niolewe.”

Akaushika mkono wa mzee, akaupitisha polepole juu ya mbao, kuanzia kichwani hadi mkiani. Mzee akaufuata mstari huo kwa rangi.

“Ongeza tumbo, Baba. Wakati wa mvua ilikuwa inapanda mtoni na mayai.”

Akaongeza.

“Bado,” Mama akasema, akijifuta macho. “Mayai ilikuwa mingi.”