Majani kwenye Vitasa vya Ofisi

Tulipomzika mama kule Kansay nilirudi kazini upesi, kwenye dawati la mapokezi la ofisi moja ya umma pale Karatu. Sikulia. Utani niliendelea nao kama kawaida, ila ilikuwa kama anayetania ni mtu mwingine, mimi nimekaa pembeni namsikiliza.

Ofisi yenyewe ilikuwa kimya kiasi kwamba ukipiga chafya, Endabash nzima wanakuombea dua. Ndipo wakaja wasanii, na kibali chao cha kutuchangamsha. Viti vya wakubwa wakavivisha mashuka mekundu, kwenye ngazi wakapanga ng'ombe wa udongo, na kila kitasa wakakifungia kishada cha majani mabichi. Bosi alicheka mpaka nikahofia ukuta utapasuka. Akasema viachwe vyote.

Kesho yake akaja mzee wa Kimasai kutoka Ngorongoro, tuliyemzoea. Miezi ya nyuma gari la ofisi lilimgonga fahali wake. Fidia alishapewa, alichokifuata ni mtu wa kumwambia samahani, na kila akija bosi humjibu kwamba ofisi haiombi radhi, inafuata taratibu.

Safari hii alifika mlangoni kwa bosi, akasita kugonga.

"Majani haya kafunga nani, mwanangu?"

"Wasanii, mzee. Mapambo tu."

"Mkubwa wako ameyaona?"

"Ameyaona."

"Akayaacha?"

"Akayaacha."

"Kwetu anayekuonyesha majani anaomba amani. Ukimkatalia, mbaya ni wewe."

"Lakini yeye hajui hayo, mzee."

"Basi mwite, ajue."

Bosi alitoka na kalamu sikioni. Nikamweleza. Akautazama mlango, akawatazama watu waliokuwa wakisubiri huduma kwenye benchi, ambao ghafla hakuna aliyekuwa na haraka. Kuyang'oa majani mbele yao hakuthubutu.

"Samahani, mzee," akasema, kwa sauti ndogo, ila kwa ukimya ule nadhani iliamsha viboko huko kwenye kreta ya Ngorongoro.

Mzee akakishika kiganja cha bosi, akakitemea mate kidogo, baraka ya kwao, akashuka ngazi taratibu akiwapisha ng'ombe wa udongo.

Bosi alibaki mkono wazi, hajui aufute au asiufute. Benchi zima likanigeukia mimi, linangoja utani. Nikamtafuta yule mtu mwingine anayetania, sikumwona, nilikuwepo mimi tu. Nikamwita aliyefuata.