Wageni wa Nyota na Mtumbwi wa Mjomba Anselmi

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule kijijini kwetu Namawala, mtumbwi mpya wa mjomba wangu Anselmi ukiwa bado msituni, mbali na maji. Alikuwa ameuchonga kwa miezi kutoka kwenye mti mmoja. Kama usingefika mtoni kabla ya mvua, tusingevuka kwenda kulima mpunga wetu ng'ambo.

Mwanangu, jana ulinionyesha kwenye simu ile video inayosema piramidi zilijengwa na wageni kutoka nyota nyingine, na malaika ni wageni haohao. Kisha ukasema sakramenti ya kipaimara huitaki tena. Sikukucheka. Hayo niliyaona ujanani kwenye kibanda cha video, nilipokuwa nazurura mijini, nikarudi nyumbani nikijiona mimi tu ndiye niliyeamka.

Asubuhi ile vijana na akina mama walishika kamba. Mjomba akavua kofia ili asali. Nami nikapaza sauti, "Mjomba, unamwomba nani? Walioshuka zamani walikuja na vyombo vya kuruka. Hata yale mawe ya Misri, binadamu hawezi kuyasogeza."

Vijana wakaangua kicheko. Sala ikakatika. Mjomba alipoanzisha wimbo wa kuvutia mtumbwi, nusu waliitikia, nusu bado wanacheka, kila mtu akavuta kwa wakati wake. Mtumbwi ukatikisika, ukalala palepale. Kufika mchana watu walishatawanyika.

"Mpwa wangu," mjomba akaniuliza taratibu, "umewahi kuvuta mtumbwi?"

"Hapana."

"Sasa unajuaje kisichowezekana?" Akafuta jasho. "Na hao wageni wako, nani aliwaumba?"

Jioni ile nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Mama mmoja akanitania, "Kwani wale wa nyota hawaji kutusaidia?"

Kesho yake nilikaa mbele kabisa kwenye kamba. Mjomba akasali, akaimba, tukaitikia kwa sauti moja, na lile gogo zito likaanza kuteleza juu ya nyasi zenye umande kana kwamba limeshaingia majini. Ndege weupe wakaruka mbele yetu, ukungu ukafunguka, mto ukaonekana. Nimetangatanga sana tangu hapo, lakini wimbo ule bado unanijia njiani.

Mwanangu, kama kuna viumbe kwenye nyota, mimi sijui. Ila wataalamu waliochimba Misri wamekuta nyumba za wajenzi wa piramidi, zana zao na makaburi yao. Usiwanyang'anye marehemu jasho lao ukawapa wageni ambao hakuna aliyewaona. Na hata wakija kweli, swali la mjomba litabaki: wao je, nani aliwaumba? Kipaimara uamue mwenyewe, lakini kwanza kaa na katekista umuulize yote, usiamuliwe na video.

Mungu aliyeziwasha nyota akulinde uendako. Na siku utakaposhika kamba yako, akupe watu wa kukuitikia.