Rukia, Mpemba anayefunga bento Abu Hamour

Adhana ya alfajiri imekwisha sasa hivi, na katika jiko la nyumba moja ya Abu Hamour, kusini mwa Doha, Rukia Nassoro anaupepea wali. Ndiyo, anaupepea, kwa kipepeo cha ukili alichokuja nacho kutoka Wete. Mkono mmoja unapepea, mwingine unaugeuza wali taratibu kwa mwiko bapa ili usipondeke.

"Ukiufunga wa moto, ukifika mchana umeshavunda," anasema bila kuinua macho. "Wali huu hautaki haraka."

Mbele yake pana kisanduku cheusi kisichozidi kiganja cha mtu mzima. Humo vinaingia kimoja kimoja: mayai yaliyokunjwa mfano wa mkeka, kipande cha samaki wa kuchoma, boga la kuchemsha, karoti zilizochongwa zikawa maua. Mwisho anafinyanga matonge mawili ya wali na kuyavisha mwani. Hii ndiyo bento, chakula cha mchana ambacho Wajapani hukifunga nyumbani na kukila shuleni au kazini. Mlaji wa leo ni Nozomi, binti wa miaka saba.

Anayeliona sanduku hilo kwa mara ya kwanza hutamani kulitundika ukutani kuliko kulila. Rukia yuko katika nyumba hii mwaka wa tatu sasa, na bado anashangaa.

"Huo mwani hasa ndio ulionimaliza," anasema akicheka. "Mie nimekulia kwenye mwani. Mama akiulima pwani, n'kimsaidia kuufunga kambani, tukiuanika, tukiuuza kwa kilo. Sijaona Mpemba aliyeutia mdomoni! Nafika huku namwona mtu anautoa pakitini umenyooka kama noti mpya, anaula. N'kasema, kweli ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni."

Rukia, mwenye miaka thelathini na minne, alifika Doha mwaka 2011, akamwacha mwanawe Asha kwa bibi. Mshahara wake wa riali 1,500 ndio unaomsomesha mtoto huyo na kumtunza bibi mwenyewe. Kibali chake cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri: familia ikiondoka Qatar, naye hana budi kuondoka. Mwaka jana ilibaki kidogo tu yamfike hayo.

Rukia humwita mwajiri wake Mama Nozomi, kama ambavyo angemwita mzazi yeyote kwao, na mama huyo alilipenda jina hilo hata mumewe akakubali kuwa Baba Nozomi. Siku zote bento alizifunga mama mwenyewe, Rukia akitazama huku anaosha vyombo. Kisha mama yake mzazi akaugua huko Japani. Akaenda kumuuguza, akamwambia Rukia: "Sanduku nakuachia wewe."

Siku ya kwanza Rukia akataka ijulikane kwamba naye katoka kwa watu. Akaupika wali kwa mafuta na chumvi, ukachambuka, kila punje na njia yake. Kwao, wali ukishikana ni aibu. Bi harusi akiukosea, mawifi hupata la kusema mwaka mzima. Nozomi akafungua sanduku shuleni, akachota kwa vijiti, wali ukamwagika mezani. Alirudi nyumbani na njaa na machozi.

Aliyemwokoa Rukia ni rafiki yake Kerubo, Mkenya kutoka Kisii, mhudumu katika mgahawa mmoja wa Kijapani mjini. Wawili hao walijuana kwenye foleni ya duka, Rukia aliponung'unika kwa Kiswahili akidhani hakuna anayemwelewa.

"Nilimwambia, 'Wacha kuweka mafuta, bana! Hiyo rice lazima ishikane, ama mtoto atakulaje na vijiti?'" Kerubo anakumbuka.

Basi Rukia akajifunza upya kupika wali, mtu mzima na akili zake. Akauosha mchele mpaka maji yakatoka safi, akaacha mafuta, akaacha chumvi, akaufunika ukatulia. Ukashikana. "N'kautazama, n'kamwomba mama radhi moyoni," anasema.

Hata hivyo, sanduku likawa linarudi nusu. Kila siku tonge moja limebaki, na mayai yote yamebaki. Nozomi akaanza kukonda. Mwalimu akampigia simu baba yake kusema mtoto anasinzia darasani. Rukia akabadilisha samaki, akapunguza sukari kwenye mayai, akachonga maua ya karoti mpaka akajikata kidole. Mambo yakawa yale yale. Kwa kuwa chakula hakitupwi, kila jioni alikaa jikoni akayala masazo hayo hadi punje ya mwisho, huku akimeza machozi, na Nozomi akimchungulia mlangoni.

Baba Nozomi, mhandisi wa gesi na mtu wa maneno machache, akakata shauri: mtoto apelekwe kwa mama yake na nyumba ifungwe. Hakumwambia mtu. Ijumaa moja akawachukua Nozomi na Rukia hadi mgahawani kwa Kerubo, akamtaka Rukia aketi nao mezani.

"N'kajua hii ni karamu ya kuagana," Rukia anasema. "Mtu hakaribishwi hivi hivi."

Mle ndani, mpishi alikuwa akikata samaki kwa kisu kirefu kisichotoa mlio, na wateja walikuwa wamenyamaza kumtazama. Kerubo akaleta masanduku mekundu yanayong'aa, kila moja na vyumba vyake, kila chumba na rangi yake. Rukia akasahau huzuni kwa muda. "Palikuwa na utulivu, nilitamani kuvua viatu," anasema.

Baba Nozomi alikuwa ameshakohoa ili aanze kusema, ndipo Nozomi alipoweka vijiti chini. Alikuwa amebakiza tonge moja na mayai yote. Akafunika sanduku, akaliinua kwa mikono miwili, akamkabidhi Kerubo, akainama na kusema kwa Kiswahili: "Chombo hakirudi kitupu."

"Walai nilisimama tu hapo," Kerubo anasema. "Maneno nilisikia, lakini sikujua huyu mtoto anataka nini."

Rukia alijua. Miezi kadhaa nyuma, jirani Msudani aliwaletea sahani ya tende. Nozomi akataka kuirudisha sahani tupu, Rukia akamzuia, akaijaza kaimati na kumwambia: "Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukipewa, nawe tia kitu. Kitu kizuri."

Mtoto akashika. Wakati mama akifunga sanduku, lilikuwa la mama, halina haja ya adabu za majirani. Sasa alilifunga Da Rukia, na kitu kizuri kuliko vyote humo ni mayai. Jioni alipomwona Da Rukia anayala yote, aliona zawadi imepokelewa.

"Alikuwa akishinda na njaa kwa ajili yangu," Rukia anasema. "Mtoto wa miaka sita! Na mie n'kidhani hautaki mkono wangu."

Alieleza pale pale mezani kwa Kiingereza kilichokuwa kikijikwaa. Baba Nozomi akafunua sanduku, akayatazama yale mayai, akampigia mkewe simu. Mama Nozomi alicheka, halafu akalia. Akasema bibi yake, kijijini kwao Japani, naye hakuwa akirudisha chombo cha jirani kitupu. Akikosa kitu hutia hata njiti za kibiriti.

Nani aliyewafundisha watu hao, wa Wete na wa Japani, ambao hawakuwahi hata kusikiana? Mtu akilifikiri sana jambo hili hubaki kusema subhanallah, akaliacha lilivyo.

Alilokuja kulisema Baba Nozomi hakulisema tena. Alimwita Kerubo, akaagiza mayai mengine, akamsogezea binti yake. Tangu siku hiyo Nozomi hula bento yote, na mama yake alirejea akamkuta amenenepa mashavu. Hata hivyo, kazi ya kufunga sanduku hakuichukua tena. Ilibaki kwa Rukia.

Mkataba wa Baba Nozomi unakwisha mwakani, na safari hii Rukia hauogopi mwisho huo. Anataka kufungua jiko dogo Wete, auze chakula cha mchana cha kufungwa kwa walimu na watu wa ofisini. Lakini mteja wa kwanza hatalipa kitu.

"Asha wangu ana miaka tisa," anasema, akifunika sanduku la Nozomi na kulifunga kitambaa. "Tangu aanze shule, hata andazi sijamfungia kwa mkono wangu. Nimewalisha wa watu. Siku ya kwanza nitamfungia yeye, nikae kibarazani nimsubiri. Na sanduku lirudi tupu, sitaki aniletee chochote. Ale tu mwanangu, ashibe."